Jina, Rekodi na Mashine: Uhakiki wa Programu za Kusimamia Marejeleo kwa Mtafiti wa Kiswahili Aliyeko Kolandoto

Ikisiri

Makala haya yanahakiki programu nne za kompyuta zinazotumiwa kusimamia marejeleo ya utafiti: EndNote, JabRef, Mendeley na Zotero. Programu hizo zinapimwa kwa vyanzo ambavyo mtafiti wa lugha, fasihi na historia ya Usukuma hulazimika kuvitumia, yaani vitabu vya Kiswahili vya zamani, machapisho ya taasisi, sheria, nyaraka za kumbukumbu na masimulizi ya watu walio hai. Hoja kuu ni kwamba vigezo vinavyozoeleka vya umaarufu, wingi wa vipengele na bei havitoshi. Kigezo cha kwanza kinapaswa kuwa uwezo wa mtafiti kuimiliki na kuihamisha rekodi yake. Cha pili, uaminifu wa programu kwa majina ya Kiafrika na kwa maandishi ya Kiswahili. Makala yanapendekeza Zotero kwa watafiti walio wengi na JabRef kwa wachache, na yanabainisha kazi ambazo hakuna programu inayoweza kumfanyia mtafiti.

1.0 Utangulizi

Kolandoto ni kata katika Manispaa ya Shinyanga. Inajulikana zaidi kwa hospitali iliyoanzishwa na Misheni ya Africa Inland mwaka 1913, ambayo leo iko chini ya Kanisa la Africa Inland Tanzania, pamoja na chuo cha afya kilichokua kando yake. Jirani yake uko mgodi wa almasi wa Mwadui, uliotokana na ugunduzi wa John Williamson wa mwaka 1940, na upande wa magharibi unaanza ukanda wa dhahabu unaopita Kahama hadi Geita. Mahali hapa pana mambo mengi ya kutafitiwa, lakini maandishi yanayopahusu yametawanyika. Kumbukumbu za Misheni zimehifadhiwa Wheaton, katika jimbo la Illinois nchini Marekani. Majalada ya serikali ya kikoloni yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Mkusanyo wa Hans Cory, mwandishi wa kitabu cha mwaka 1953 kuhusu sheria na mila za Wasukuma, uko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nyimbo za kilimo na za mashindano ya ngoma kati ya Wagalu na Wagika zimo vinywani mwa manju, na sehemu yake imo katika kitabu kikubwa cha Frank Gunderson kilichochapishwa na Brill mwaka 2010.

Mtafiti anayekusanya vyanzo vya namna hii kwa miaka mitatu au minne anahitaji chombo cha kuviwekea kumbukumbu. Daftari na kadi zilifanya kazi hiyo kwa muda mrefu. Leo kazi hiyo imehamia kwenye programu, na swali la ipi ichaguliwe huachiwa mwanafunzi peke yake, ambaye kwa kawaida huchukua ile aliyoonyeshwa na mwenzake. Makala haya yanalichukulia swali hilo kuwa la kitaaluma. Orodha ya marejeleo ndiyo sehemu ya tasnifu inayomwezesha mtahini kuirudia njia aliyopita mtafiti, na chombo kinachoitengeneza orodha hiyo huamua, mara nyingi bila kuonekana, nani ataitwa mwandishi na kwa jina gani.

2.0 Vigezo Vinavyozoeleka na Upungufu Wake

Kigezo cha kwanza kinachozoeleka ni umaarufu. Udhaifu wake unaonekana vizuri katika historia ya Mendeley. Programu hiyo ilianzishwa London mwaka 2007 na wanafunzi wa uzamivu kutoka Ujerumani. Ilipendwa haraka kwa kuwa ilitolewa bure na iliweza kusoma makala za PDF na kuzitolea rekodi. Mwaka 2013 ilinunuliwa na Elsevier, mchapishaji mkubwa wa majarida. Mwaka 2018 toleo lake la kompyuta lilianza kuifunga kanzidata ya mtumiaji kwa usimbaji fiche. Kampuni ilieleza kuwa hatua hiyo ni ya usalama, lakini matokeo yake yalikuwa kwamba programu nyingine hazikuweza tena kuisoma kanzidata hiyo moja kwa moja. Mwaka 2021 programu zake za simu ziliondolewa, na kuanzia Septemba 2022 toleo la zamani la kompyuta halikupakuliwa tena. Nafasi yake ilichukuliwa na toleo jipya lililojengwa juu ya akaunti ya mtandaoni. Mwanafunzi aliyeanza uzamivu mwaka 2017 kwa chombo kimoja alijikuta anaumaliza kwa chombo kingine ambacho hakukichagua. Umaarufu haukumkinga.

Kigezo cha pili ni wingi wa vipengele. Majedwali ya kulinganisha programu huhesabu uwezo wa kusoma PDF, kupigia mstari, kupendekeza makala na kuunganisha watafiti. Vipengele hivyo vina faida, ila vingi vinachukulia kwamba chanzo ni makala ya jarida yenye namba ya utambulisho wa kidijitali, yaani DOI. Mfumo wa DOI ulianza kutumika mwaka 2000, na ISBN ilikuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1970. Toleo la kwanza la Kusadikika la mwaka 1951 haliwezi kuwa na namba yoyote kati ya hizo. Kitufe cha kuvuta rekodi kwa namba, ambacho humwokolea muda mtafiti wa tiba, humwacha mhakiki wa fasihi ya Kiswahili akiandika rekodi zake kwa mkono. Kwake yeye, ubora wa fomu ya kujazia rekodi una uzito kuliko wingi wa vitufe.

Kigezo cha tatu ni bei. Ni kigezo halali, hasa kwa mtu anayejilipia masomo, lakini neno ‘bure’ linaficha hali mbili zilizo tofauti. Programu inaweza kutolewa bure na kampuni ambayo inabaki na uamuzi wa kuibadilisha au kuifunga. Inaweza pia kuwa programu huria, ambayo msimbo wake uko wazi na mtu mwingine anaweza kuuendeleza. Kwa tasnifu itakayochukua miaka minne, na kwa rekodi zitakazomfaa mtafiti kwa miaka ishirini baadaye, tofauti hiyo ina thamani kubwa kuliko ada ya mwaka mmoja.

3.0 Majaribio Matatu ya Chombo

3.1 Jina la mtu na jina la taasisi

Programu zote zinazohakikiwa hapa zimejengwa juu ya dhana moja ya jina: kwamba mtu ana jina lake na jina la ukoo, na kwamba la ukoo ndilo la kupangia orodha. Watanzania wengi huandika jina lao, la baba na la babu. Jina la mwisho linaweza kuwa la babu katika hati moja na la baba katika nyingine. Desturi ya kitaaluma imelikubali jina la mwisho, na hakuna anayelalamika kuona Mulokozi au Massamba mwanzoni mwa rejeleo. Tatizo huanza kwa waandishi ambao desturi haijawagawa. Shaaban Robert, ambaye Robert ni jina la baba yake, hutajwa na wahakiki kwa majina yote mawili pamoja, lakini programu humwandika ‘Robert, S.’ na kumpeleka kwenye herufi R.

Hali ni ngumu zaidi kwa majina yenye ‘bin’ na kwa taasisi zenye viunganishi. Mfumo wa BibTeX, ulioandikwa na Oren Patashnik mwaka 1985 na ambao ndio msingi wa JabRef, huligawa jina kwa kutazama maneno yanayoanza kwa herufi ndogo. Kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya majina ya Ulaya yenye ‘von’ na ‘de’. Ukiuandikia ‘Muyaka bin Haji’, unalichukua ‘bin’ kuwa kiambishi cha jina la ukoo, na mtindo wa kawaida wa mwandishi na tarehe huchapa ‘bin Haji, M.’ Ukiuandikia ‘Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili’, unaisoma Taasisi kuwa jina la mtu na maneno mengine kuwa ukoo wake, na katika orodha hutokea ‘ya Uchunguzi wa Kiswahili, T.’ Aliyewahi kusahihisha tasnifu za Kiswahili hatashangaa kukuta Jamhuri ya Muungano wa Tanzania imepatwa na mkasa huo huo. Kinga ipo: katika BibTeX jina lote la taasisi hufungwa ndani ya mabano pacha ya mawimbi, na katika Zotero uga wa jina hubadilishwa kutoka sehemu mbili kuwa moja. Kinga hiyo ni rahisi, lakini hutumiwa na anayejua kwamba inahitajika.

Kwa Usukuma kuna jambo la ziada. Majina kama Ng'wanamalundi huandikwa kwa kibainishi, na kibainishi hicho hutokea katika hati kwa maumbo zaidi ya moja, kilichonyooka na kilichopinda. Kwa jicho la msomaji umbo ni moja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Mwandishi mmoja anaweza kuingia katika maktaba ya mtafiti mara mbili, na utafutaji ukampata nusu. Mtafiti achague umbo moja siku ya kwanza na alifuate hadi mwisho.

3.2 Lugha ya rekodi

Mitindo kadhaa ya urejeleaji hutaka maneno makuu ya anwani ya Kiingereza yaanze kwa herufi kubwa. Programu ikiachiwa kudhani kwamba kila rekodi ni ya Kiingereza, Utenzi wa Vita vya Uhuru huchapwa ‘Utenzi Wa Vita Vya Uhuru’, maana mashine inavijua viunganishi vya Kiingereza vya kuachwa vidogo, na haivijui vya Kiswahili. Katika Zotero kosa hili huzuiwa kwa kuandika ‘sw’ katika uga wa lugha wa kila rekodi ya Kiswahili. Uga huo huachwa wazi na watumiaji wengi kwa kuwa hawaoni kazi yake.

Jambo la pili ni maneno yanayozalishwa na programu yenyewe. Tasnifu iliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu huwa na ‘et al.’ katika aya moja na ‘na wenzake’ katika nyingine. Ya kwanza imeandikwa na mashine, ya pili na mwandishi. Mendeley na Zotero hutumia mitindo ya lugha moja ya wazi iitwayo CSL, na JabRef nayo inaielewa. Faili la mtindo wa CSL ni maandishi ya kawaida. Ndani yake mtu anaweza kuingiza istilahi zake: ‘na’, ‘na wenzake’, ‘Mh.’, ‘uk.’ Kazi hiyo ni ya siku chache kwa mkutubi mmoja, na ikifanywa mara moja inaweza kuwafaa wanafunzi wote wa idara kwa miaka mingi. Inashangaza kwamba tunadai tasnifu ziandikwe kwa Kiswahili bila kumpa mwandishi faili la mtindo linaloongea Kiswahili.

3.3 Vyanzo visivyo vitabu

Riwaya ya Aniceti Kitereza ni mtihani mzuri wa chombo chochote. Iliandikwa kwanza kwa Kikerewe. Mwandishi mwenyewe akaitafsiri kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikaichapa mwaka 1980 katika juzuu mbili. Baadaye ikatafsiriwa kwa Kijerumani na, mwaka 2002, kwa Kiingereza na Gabriel Ruhumbika. Rekodi kamili inahitaji nyuga za mwandishi, mfasiri, juzuu, lugha ya asili na tarehe ya toleo linalotumiwa. Anayeandika ‘Kitereza (2002)’ bila kumtaja mfasiri amemfanya marehemu atunge kitabu kwa Kiingereza miaka ishirini na moja baada ya kufa kwake.

Waandishi-taasisi nao hubadilika. Mwaka 2012 mkoa mpya wa Geita uliundwa, na wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zikatoka Shinyanga kwenda mkoa mpya wa Simiyu. Ripoti mbili zenye mwandishi ‘Mkoa wa Shinyanga’, moja ya 2008 na nyingine ya 2015, zinazungumzia maeneo mawili yasiyolingana. Programu itazipanga pamoja kana kwamba ni sauti moja. Vivyo hivyo kwa Sheria ya Madini ya 2010 na marekebisho yake ya 2017: mtafiti wa uchimbaji mdogo anayetaja sheria bila kuonyesha kama anatumia maandishi ya kabla au ya baada ya marekebisho amemwacha msomaji gizani, hata kama umbo la rejeleo lake halina dosari.

Chanzo kinachobeba uzito mkubwa zaidi ni mtu. Toleo la saba la mwongozo wa APA, lililotoka mwaka 2019, linaelekeza kwamba mawasiliano binafsi, yakiwemo mahojiano yasiyohifadhiwa mahali ambapo msomaji anaweza kuyafikia, yatajwe ndani ya matini tu na yasiingie katika orodha. Kanuni hiyo ina mantiki yake, kwa kuwa orodha ni ya vitu vinavyoweza kufuatiliwa. Lakini katika tasnifu ya fasihi simulizi ya Kisukuma matokeo yake ni kwamba mhakiki aliyeandika kurasa tano kuhusu wimbo anapata mstari katika orodha, na manju aliyeutunga hapati. Zotero ina aina ya rekodi ya mahojiano na ya rekodi ya sauti, zenye nyuga za mhojiwa, mtunzi na mwimbaji. Kwa hiyo chombo hakimzuii mtafiti kumpa manju nafasi yake. Kinachotakiwa ni idara kuamua kwamba rekodi ya sauti iwekwe katika hazina ya chuo na kupewa namba. Ikishahifadhiwa hivyo, inafuatilika, na APA yenyewe inairuhusu iingie kwenye orodha.

Tahadhari inahitajika hapa. Mchimbaji mdogo wa Geita aliyezungumzia shughuli zilizo nje ya leseni ameahidiwa usiri, na jina lake halipaswi kuwamo hata katika maktaba ya programu inayolandanishwa na seva ya mbali. Manju anastahili kutajwa. Mchimbaji anastahili kufichwa. Fomu za programu huwapokea wote wawili kwa uga ule ule wa ‘mhojiwa’, na uamuzi wa nani atajwe unabaki kwa mtafiti na kamati ya maadili.

4.0 Uhakiki wa Programu Moja Moja

EndNote ndiyo kongwe kati ya nne, kwani ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1980, na sasa iko chini ya Clarivate. Ina uwezo mkubwa wa kushughulikia maelfu ya rekodi, na aina zake za marejeleo zinaweza kurekebishwa na mtumiaji. Lakini hulipiwa, na mitindo yake ni ya muundo wake yenyewe. Maktaba yake pia imegawanyika katika faili na folda inayoandamana nalo. Anayenakili faili pekee kwenye diski mweko hupoteza viambatisho. Inamfaa mtafiti ambaye taasisi yake imelipia leseni na itaendelea kuilipia. Kwa mwanafunzi ambaye leseni yake itakoma siku ya mahafali, ni nyumba ya kupanga.

Mendeley ya sasa ni nyepesi kujifunza na inatoa gigabaiti 2 za hifadhi bila malipo. Udhaifu wake ni kwamba akaunti ni ya lazima na maktaba imejengwa kuzunguka seva. Mahali ambapo umeme na mtandao hukatika, mpangilio huo humweka mtafiti katika kusubiri. Pamoja na historia iliyoelezwa hapo juu, ni vigumu kuipendekeza kwa kazi ya muda mrefu. Anayeitumia tayari hana sababu ya kutaharuki. Anachopaswa kufanya ni kutoa nakala ya rekodi zake katika muundo wa RIS au BibTeX kila baada ya muda na kuiweka mahali pengine.

JabRef, iliyoanza mwaka 2003, ni programu huria inayohifadhi kila kitu katika faili moja la maandishi. Faili hilo linaweza kufunguliwa na kihariri chochote, leo au baada ya miaka thelathini, hata kama JabRef yenyewe itakuwa imesahaulika. Kwa upande wa umiliki wa rekodi hakuna inayoishinda. Ugumu wake ni ule uliotajwa wa majina, pamoja na kwamba inamfaa zaidi anayeandika kwa LaTeX. Katika fani za Kiswahili watu hao ni wachache.

Zotero ilitolewa mwaka 2006 na kituo cha historia na midia mpya cha Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Jina lake limetokana na neno la Kialbania lenye maana ya kumiliki. Iliundwa na wanahistoria, na hilo linaonekana: nyaraka, barua, hati za mkono, sheria na mahojiano zina fomu zake. Kanzidata hukaa katika kompyuta ya mtafiti na programu hufanya kazi bila mtandao, hata bila akaunti. Inaunganika na Word na LibreOffice. Hifadhi yake ya bure kwa viambatisho ni megabaiti 300 tu, kiasi kinachojazwa na vitabu kumi vilivyopigwa picha kwa megabaiti 30 kila kimoja. Hata hivyo, kikomo hicho hakihusu rekodi zenyewe. Mtafiti anaweza kulandanisha rekodi pekee na kuziweka PDF katika diski ya nje. Udhaifu mwingine ni kwamba kiunganishi chake cha kivinjari huchukua data kama ilivyoandikwa katika tovuti husika. Hazina ya chuo ikiwa imeandika jina la mwanafunzi kinyumenyume, kosa hilo litaenea katika kila tasnifu itakayomnukuu.

Kwa hiyo Zotero inapendekezwa kwa mtafiti wa kawaida wa lugha, fasihi na historia. Kwa mwanafunzi wa chuo cha afya anayetumia mtindo wa namba wa Vancouver pendekezo ni lile lile, kwa kuwa rekodi za PubMed huingia humo bila shida. Na kwa tasnifu fupi ya shahada ya kwanza yenye vyanzo ishirini, kuandika orodha kwa mkono kwa uangalifu si kosa wala ushamba. Mashine hulipa gharama ya kujifunza pale vyanzo vinapozidi uwezo wa kumbukumbu.

5.0 Yasiyowezwa na Programu

Programu huhakikisha kwamba nukta na mkato viko mahali pake. Haijui kama mtafiti amekisoma kitabu. Orodha iliyopangwa vizuri inaweza kuwaficha waandishi ambao hawakuguswa, na sasa, ambapo mifumo ya akili mnemba huweza kutunga marejeleo ya vitabu visivyokuwapo, unadhifu wa umbo umepungua thamani kama ushahidi. Mtahini anayehesabu makosa ya mkato ilhali hafungui hata chanzo kimoja anaisahihisha kazi ya mashine. Afadhali achague marejeleo matano na amtake mtahiniwa aonyeshe alikoyapata. Mtafiti aliyetunza rekodi zake, akiwa na ukurasa, namba ya jalada na tarehe aliyolifungua, atajibu papo hapo.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba programu za marejeleo zina nadharia ya uandishi ndani yake: mwandishi ni mtu mwenye ukoo, chanzo ni makala yenye namba, na lugha ni Kiingereza mpaka uambiwe vinginevyo. Nadharia hiyo haimfungi mtafiti anayeijua. Mapendekezo yanayofuata kutokana na uhakiki huu ni matatu. Mosi, idara zinazopokea tasnifu za Kiswahili ziandae faili moja la mtindo lenye istilahi za Kiswahili na kuligawa bure. Pili, kila tasnifu inapowekwa katika hazina ya chuo iambatane na faili la RIS au BibTeX la marejeleo yake, ili kazi ya kuandika rekodi za vitabu visivyo na namba isirudiwe na kila kizazi cha wanafunzi. Tatu, rekodi za sauti za fasihi simulizi zihifadhiwe na kupewa namba kabla ya utetezi, kwa idhini ya wenyewe. Hapo mtafiti mwingine atakayefika Kolandoto ataikuta njia imefyekwa, na manju ataonekana katika orodha kwa jina alilojiita mwenyewe.